Mungu ni Mtakatifu, Nami Niishije? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka katika kikundi chetu cha Biblia hapa Kisauni. Twakutana Alhamisi jioni, wengine wakija moja kwa moja kutoka kazini na vumbi la bandari bado liko kwenye viatu. Wamo Waanglikana, Wamethodisti, Wapentekoste na Wakatoliki wachache, kwa hivyo hakuna jibu linalopita bila kupingwa na mtu. Mimi si mchungaji, kazi yangu ni kuongoza usomaji na kuhakikisha chai haipoi. Aya nimezitoa katika Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo.

Tukisema Mungu ni mtakatifu, twasema nini hasa?

Kiswahili kimetupa neno zuri, lakini latupa nusu ya habari. "Takatifu" latokana na kutakata: nguo iliyofuliwa ikatakata, au anga lililotakata baada ya mvua ya masika. Ndiyo maana tukisikia "Mungu mtakatifu" twafikiria kwanza usafi, kwamba Mungu hana doa. Ni kweli hana. Ila neno la Kiebrania linalotafsiriwa hivyo, kadoshi, limebeba pia wazo la kutengwa, la kuwa kando na vitu vingine vyote. Mungu si mtu mwema aliyezidishwa mara elfu. Ukimchukua mzee mwenye hekima kuliko wote unaowajua ukamwondolea makosa yake yote, bado hujamkaribia.

Neno linalokaribia wazo hilo tunalo hapa hapa Mombasa, nalo ni wakfu. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala hairudi kwa aliyeitoa. Mawe yake ni yale yale ya matumbawe kama ya nyumba ya jirani, na chokaa ni ile ile, lakini nyumba sasa ina mwenyewe mwingine. Biblia yetu nayo husema Haruni na wanawe waliwekwa wakfu. Mungu ni mtakatifu kwa jinsi alivyo, na watu, vyombo na siku huwa vitakatifu kwa sababu vimekuwa vyake.

Petro aliwaandikia Wakristo kwamba wao ni "taifa takatifu, watu wa milki ya Mungu" (1 Petro 2:9). Kila nikiisoma aya hiyo nawafikiria watu wa kwanza wa Freretown, hapo Kengeleni tunapopita kila siku tukilalamikia foleni. Miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji pale kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mtu aliyeuzwa sokoni, akahesabiwa kama mali ya fulani, ana sikio lake la kusikilizia maneno "watu wa milki ya Mungu". Kwake swali la nani mwenyewe halikuwa la darasani.

Isaya alisema "Ole wangu". Je, nisipotetemeka, imani yangu ni hafifu?

Tuanze na mwaka, maana watu huupita mbio. Isaya 6 yasema aliona maono yale mwaka aliokufa mfalme Uzia. Huyu Uzia alitawala Yerusalemu miaka 52, akajenga minara, akachimba mabirika, akawa na jeshi la kutisha. Alipopata nguvu moyo wake ukatukuka, akaingia hekaluni na chetezo mkononi ili afukize uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Kuhani Azaria akamfuata ndani pamoja na makuhani wengine 80 wakamzuia. Akakasirika, na akiwa bado amekasirika ukoma ukamtokea katika paji la uso. Alimalizia siku zake katika nyumba ya peke yake (2 Nyakati 26).

Mwaka huo anaozikwa, Isaya anamwona Mfalme mwingine ameketi katika kiti kirefu cha enzi, na maserafi wenye mabawa sita sita wakiitana: Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu. Hao maserafi hawana dhambi, na bado wanafunika nyuso zao. Isaya haji na chetezo. Anasema, "Ole wangu! kwa maana nimepotea. Kwa sababu mimi ni mtu mwenye midomo michafu." Serafi mmoja akachukua kaa la moto kutoka madhabahuni akamgusa nalo kwenye midomo, pale pale alipokuwa ameungama. Uzia aliingia kifua mbele akatoka na doa usoni, na Isaya aliyejiona amekwisha akatoka ametakaswa.

Mfano wa pili ni wa wavuvi, nao kwetu Pwani hauhitaji maelezo marefu. Petro amekesha baharini bila kupata kitu, kisha kwa neno la Yesu anashusha nyavu zinajaa hadi zinaanza kukatika (Luka 5). Mvuvi yeyote angeshangilia, angeanza kupiga hesabu ya bei. Petro anaanguka magotini: "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Hofu yake hapo imetoka kwenye samaki wengi, si kwenye dhoruba. Wema uliozidi kiasi ulimwonyesha alivyo kuliko ambavyo kemeo lingeweza. Naye Yesu hakuondoka.

Basi, kutetemeka si kipimo. Wako wanaolia, na wako wanaonyamaza wakatazama chini. Katika kikundi chetu kuna mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi, lakini akisoma Zaburi kwa sauti vijana wote huweka simu chini. Kipimo ni unakoelekea baada ya hofu. Adamu aliogopa akajificha kwenye miti. Isaya aliogopa akasema, "Mimi hapa, nitume mimi." Hofu ikikusogeza mbali na Mungu ujue imepotea njia.

Lakini pazia la hekalu lilipasuka. Si tumeshaondolewa hofu?

Pazia lililoficha mahali patakatifu mno lilipasuka toka juu hata chini Yesu alipokufa (Mathayo 27:51), na aliyelipasua hakuwa mwanadamu. Waraka wa Waebrania watwambia tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri (4:16). Waraka huo huo, sura nane mbele, wasema Mungu wetu ni moto ulao (12:29). Mwandishi hakusahau alichoandika mwanzo. Pazia limeondoka, aliyeko ndani hakubadilika. Tunachokipata kwa damu ya Yesu ni ruhusa ya kuingia, na mtu aliyeruhusiwa kuingia kwa baba yake bado hubisha hodi.

Kwa nini Mungu alimuua Uza, mtu aliyetaka tu kusaidia?

Hili ndilo swali lililotuchukua Alhamisi mbili, na sitajifanya kwamba kila mtu aliridhika.

Habari iko 2 Samweli 6. Daudi analeta sanduku la Mungu, lile sanduku la agano, Yerusalemu kwa ngoma na vinanda. Ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyosha mkono kulishika, anakufa papo hapo. Ukisoma aya hiyo peke yake Mungu aonekana mkali bila sababu. Rudi nyuma kidogo. Torati ilisema sanduku libebwe na Walawi wa ukoo wa Kohathi, kwa miti, mabegani, wala wasiguse vitu vitakatifu wasije wakafa (Hesabu 4:15). Waliolipandisha sanduku garini kwanza walikuwa Wafilisti, ambao hawakuwa na Torati (1 Samweli 6). Daudi akaiga njia ya Wafilisti, gari jipya na yote. Msafara mzima ulikuwa umekosea tangu ulipong'oa nanga, na mkono wa Uza ulikuwa tu mahali kosa lilipofika mwisho wake.

Mama mmoja kikundini alisema, "Lakini Uza hakulipanga yeye, mbona wakubwa walibaki?" Sina jibu la kumnyamazisha, wala sidhani lipo. Naona Daudi mwenyewe alikasirika kwanza, kisha akaogopa, na Biblia haikuficha hayo. Ninachomwambia kila mtu ni asiifunge sura mapema. Daudi aliogopa kulileta sanduku kwake, akaliacha nyumbani kwa Obed-edomu Mgiti. Likakaa miezi mitatu, na Bwana akaibariki nyumba hiyo yote. Sanduku ni lile lile. Walipolichukua tena, sura inataja "wale waliolichukua sanduku", wanatembea hatua sita na kutoa dhabihu. Safari hii lilikuwa mabegani mwa watu, na Daudi akacheza kwa nguvu zake zote.

Majirani zangu Waislamu hutia udhu na kuvua viatu kabla ya kuswali. Sisi twaingia na viatu, mwingine na chupa ya soda. Je, tumepoteza heshima?

Kuhusu soda, ndiyo.

Kuhusu viatu, mambo ni mapana zaidi. Musa aliambiwa avue viatu mbele ya kijiti kinachowaka (Kutoka 3:5), na Yoshua vivyo hivyo karibu na Yeriko. Wako Wakristo wanaovua hadi leo: Waorthodoksi wa Ethiopia huacha viatu mlangoni. Agano Jipya halikutoa amri ya viatu, lakini halikufuta maana yake, kwamba kuna kizingiti unachokivuka ukijua unakivuka.

Nimeishi mtaa ambao adhana ya alfajiri huniamsha kabla ya jogoo, na sioni aibu kusema imenifundisha jambo. Jirani yangu huacha duka, hunawa, husimama. Kuna mwanzo unaoonekana. Mimi nilikuwa naanza kusali huku natafuta funguo. Sasa naketi kitandani kimya dakika mbili kabla sijafungua kinywa. Ni kitu kidogo, na huenda kwako kikawa kingine: kuweka simu chumba cha pili, kupiga magoti, kufunga leso kichwani kama bibi yako alivyofanya. Maji hayaoshi moyo, Yesu alilisema hilo wazi katika Marko 7. Lakini mwili ukikumbuka, moyo hupata shida kidogo kusahau.

Na tusiwaseme majirani kwamba wao wana mila tu na sisi tuna uhusiano. Maneno hayo huyasikia sana mimbarini. Ukiishi nyumba moja ya kupanga na Mwislamu mcha Mungu, ukuta mmoja kati yenu, hutayasema kwa urahisi.

Nikiwa hedhini naweza kushika Biblia, kusali, kuhudumu madhabahuni?

Swali hili huja kwa ujumbe wa faragha, halijawahi kuulizwa kwa sauti mbele ya wanaume. Nimeona liwe hapa ili dada mwingine asilazimike kuuliza.

Walawi 15 iliweka masharti ya kujitakasa kwa mwanamke wakati huo, na kwa mwanamume pia katika hali zake, jambo ambalo wahubiri husahau kulitaja. Unajisi wa namna hiyo haukuwa dhambi; mtu hakutakiwa kutubu kwa kuwa ana mwili. Ilikuwa sheria ya nani aingie hemani na lini.

Kisha soma Marko 5. Mwanamke ametokwa na damu miaka 12, amemaliza mali yake kwa matabibu, anapenya katikati ya umati na kuligusa vazi la Yesu. Kwa sheria ya zamani mguso huo ungemtia Yesu unajisi. Kilichotokea ni kinyume: usafi ulitoka kwa Yesu ukamwendea yeye. Naye hakumkemea kwa kuthubutu. Alimwita "Binti". Katika sura ya kwanza alikuwa amemgusa mwenye ukoma namna hiyo hiyo, kabla hajamponya. Utakatifu wa Yesu hauchafuki kwa kuguswa, ndio unaoambukiza.

Kwa hivyo sali, shika Biblia, hudumu. Kama kanisa lako lina utaratibu wake, uliza kwa mama wa kanisa unayemwamini sababu yake ni nini, lakini usiamini kamwe kwamba Mungu anakuona mchafu siku hizo.

Nimeanguka dhambi ile ile mara nyingi. Nisogee Meza ya Bwana au nikae mwisho?

Wengi hukaa nyuma siku ya Meza, wakitazama wenzao wakipita, kwa sababu ya onyo la Paulo kuhusu kula isivyostahili. Soma aya inayofuata polepole: "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe" (1 Wakorintho 11:28). Kujihoji kunaishia mezani. Paulo hakusema ajihoji na hivyo aende zake.

Na kosa la Wakorintho lenyewe lilikuwa lipi? Walikuwa wakila chakula cha Bwana kila mtu na chake. Mmoja amelewa, mwingine ana njaa, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Sikumbuki mara ya mwisho nimesikia hilo likihubiriwa kabla ya ushirika. Twaulizwa kuhusu zinaa na pombe, hatuulizwi kama tumemtahayarisha maskini aliyeketi kiti cha nyuma.

Ikiwa una dhambi unayojua na hutaki kuiacha, hiyo ni habari nyingine: iungame kwanza, na ikiwa umemdhulumu mtu, nenda kapatane naye. Mkatoliki mwenye dhambi ya mauti atakwenda kwa padre kwenye kitubio kabla ya Komunyo, na huo ni utaratibu wenye hekima yake. Lakini wewe unayeanguka, unachukia kuanguka kwako, unainuka tena, meza ile iliandaliwa kwa ajili ya watu kama wewe. Tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee (1 Yohana 1:9). Yohana hakuweka idadi.

Neno moja tu la tahadhari: tafuta mtu mmoja mzima wa kumwambia. Dhambi inayosemwa kwa Mungu pekee, gizani, miaka kumi, mara nyingi hubaki nzima.

Utakatifu una uhusiano gani na kazi yangu? Mimi nauza nafaka Kongowea.

Una uhusiano kuliko ulivyo na kwaya.

Walawi 19 yaanza na amri kwamba tuwe watakatifu kwa kuwa Bwana ni mtakatifu. Msomaji hungoja sasa habari za sala na uvumba. Badala yake yafuata haya: waheshimu wazazi, usivune pembe za shamba lako bali uwaachie maskini na mgeni, usiibe, usimlaani kiziwi, usitie kikwazo mbele ya kipofu, usimpendelee maskini wala mkubwa katika hukumu, usiwe mchongezi. Na karibu na mwisho, mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki na hini ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka. Kwa lugha ya Kongowea, hiyo ni gorogoro.

Nawe unazijua gorogoro. Ipo iliyobonyezwa kitako hadi ikameza kiganja kizima cha maharagwe. Ipo inayojazwa kwa kidole gumba kikiwa ndani. Mnunuzi haoni, na kwa kila mmoja hasara ni ndogo. Mungu wa Walawi 19 ameichunguza gorogoro ile kwa chini, na ameitaja katika sura moja na utakatifu wake mwenyewe. Sijui mahubiri makali kuliko hayo.

Bandarini ni karatasi inayosogea ikipakwa mafuta. Barabarani ni noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Watu huniuliza, "Nisipotoa, mzigo utalala wiki tatu na gharama zitanimaliza. Nifanyeje?" Sitasema ni rahisi, wala sitakwambia mzigo utatoka kwa muujiza. Ninaye rafiki aliyekataa, akapoteza mteja mkubwa, na hakupata mwingine wa kiasi hicho. Anaishi. Jambo moja alinionyesha: alianza kwa kupanga karatasi zake mapema mno, kwa sababu nusu ya hongo anayotoa mtu huwa ni bei ya kuchelewa kwake mwenyewe. Hiyo nusu waweza kuiondoa kesho asubuhi. Iliyobaki ndiyo vita.

Na mimi nisijifiche. Mwaka mmoja nilijenga choo na bafu nyuma ya nyumba. Fundi alimaliza Ijumaa. Pesa nilikuwa nazo, lakini nilimwambia aje Jumatatu, kwa kuwa nilitaka kwanza nitoe ahadi yangu ya harambee kanisani Jumapili, na majina yalikuwa yakisomwa. Jumapili jina langu likasomwa. Alhamisi yake tukafikia Walawi 19:13, kwamba ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Msomaji wa siku hiyo alikuwa binti wa miaka kumi na saba, akaisoma vizuri, wazi, bila haraka. Fundi nilikuwa nimeshamlipa Jumatatu, lakini mkewe alikuwa ameshinda siku mbili akikopa unga dukani. Nilikwenda kwake usiku ule. Aliona ajabu, akanikaribisha kiti, akaniuliza, "Kwani choo kimeziba, mzee?"

Ibada yetu ina spika hadi barabarani. Mungu mtakatifu apendezwa na kelele?

Zaburi 150 ina matoazi yavumayo sana, na Habakuki 2:20 yasema dunia yote inyamaze mbele zake. Vyote viwili ni Biblia. Kinachonisumbua ni kanisa ambalo halina hata sekunde kumi za kimya kwa saa tatu, kinanda kikilia hata chini ya maombi, kana kwamba twaogopa kitakachosikika kikinyamaza. Na mgonjwa wa jirani anayeshindwa kulala usiku wa kesha naye ni jambo la utakatifu. Waebrania 12:14 imeufunga utakatifu pamoja na kutafuta amani na watu wote, katika sentensi moja.

Mavazi?

Vaa kama mtu anayejua anakwenda mbele za nani na anakaa karibu na nani. Joto la Mombasa la Februari Mungu analijua. Aliyekuja na dera lililofifia kwa kuwa ndilo alilonalo amevaa vizuri kuliko aliyekuja ili atazamwe, na hiyo yamhusu pia mchungaji mwenye suti ya vipande vitatu.

Je, kufunga sana kwaniongezea utakatifu?

Yesu alifunga, na alitarajia wanafunzi wake wafunge. Kufunga hufundisha tumbo kwamba lenyewe si mwenyewe. Lakini hapa Pwani hatuwezi tena kulijibu swali hili kwa wepesi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kutawakutanisha na Yesu. Walikuwamo watoto wengi.

Kwa hivyo nasema bila kuzungushazungusha. Yeyote anayekutaka umwachishe mtoto chakula, uache dawa za sukari au za presha, ukate mawasiliano na ndugu zako, uchome vyeti vya shule, ili uwe mtakatifu, mkimbie, na utoe taarifa kwa polisi na kwa watu wa nyumbani. Isaya 58 ilishaeleza saumu aliyoichagua Bwana: kufungua vifungo vya uovu, na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Katika saumu hiyo kuna mtu anayekula.

Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na watoto hawana deni la saumu kwa mtu yeyote. Wenye afya, anzeni na mlo mmoja, na pesa ya mlo huo ipeni mahali.

Mtu aweza kuwa mtakatifu kamili kabla hajafa?

Hapa kikundi hugawanyika, nami huwaachia. Wamethodisti wetu, ambao kanisa lao lilifika Ribe 1862 kwa kazi ya Thomas Wakefield, wana urithi wa John Wesley, aliyefundisha kwamba Mungu aweza kuujaza moyo wa mtu kwa pendo kamili hata katika maisha haya. Alimaanisha pendo, hakumaanisha mtu asiyekosea hesabu wala asiyesahau. Wanaomfuata Luther husema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, mpaka kaburini. Wakatoliki wataongeza kwamba utakaso waweza kuendelea hata baada ya kufa.

Maoni yangu ni kwamba wasiwasi wa kujipima hudhuru kuliko kutofika. Watu niliowaona wakikaribia utakatifu walikuwa wakiuliza habari za wengine. Ayubu alipomwona Mungu hakusema sasa nimekuwa bora. Alisema anajichukia na kutubu katika mavumbi na majivu, kisha jambo lake la kwanza likawa kuwaombea wale marafiki waliomsema vibaya.

Nataka kuandika "Mtakatifu kwa Bwana" kwenye tuktuk yangu. Je, ni kumdhihaki Mungu?

Kijana aliyeuliza hivi alidhani tutacheka, na tulicheka. Kisha tukafungua Biblia.

Maneno hayo yalichorwa kwanza kwenye bamba la dhahabu safi, likafungwa kwenye kilemba cha Haruni, kwenye paji la uso wake (Kutoka 28:36). Watu wa kawaida waliyaona kwa kuhani mkuu tu, kwa mbali. Sasa nenda mwisho wa kitabu cha Zekaria, 14:20-21. Nabii anaiona siku ambayo maneno ya kilemba yataandikwa kwenye njuga za farasi, na sufuria za kupikia katika Yerusalemu na Yuda zitakuwa takatifu kwa Bwana. Farasi ndio waliokuwa usafiri. Njuga zake ndizo honi.

Basi andika, kwa rangi nzuri, na umtafute mchoraji anayejua kuendeleza maneno. Ila ujue abiria wa kiti cha nyuma anayo safari nzima ya kuyasoma, kutoka Kongowea hadi Bamburi, na akishuka atahesabu chenji.